Kinoo Hakikati, Bali Hunoa

Kila timu yetu ya taifa inapopewa kocha mpya, swali la kwanza linaloulizwa vijiweni, ndani ya matatu na hata katika majilisi ya walimu huwa ni lile lile: Je, mtu huyu alichezea wapi, na alishinda nini? Akiwa na medali za kuonyesha, hupokewa kwa vifijo. Akiwa hana, huanza kubezwa kabla hata hajapuliza kipenga siku ya kwanza ya mazoezi. Swali lenyewe si baya likiulizwa na mtu atakaye kujua. Ubaya wake ni kwamba aghalabu huulizwa na mtu ambaye amekwisha kutoa hukumu.

Safu hii yashikilia kwamba hukumu hiyo ni ya haraka, na kwamba inatugharimu. Kipaji cha kutenda na kipaji cha kufunza ni vipaji viwili, na si kila mara hukaa katika kifua kimoja. Kinoo hakikati nyama wala hakichongi mti, lakini kisu kisichopita juu yake kitabaki butu siku zote. Ili tusidhaniwe kuwa tunacheza na mafumbo, natuchukue mfano wa mtu halisi ambaye maisha yake yanajulikana: mama mmoja wa Uskoti aitwaye Judy Murray.

Bi. Murray alizaliwa mwaka wa 1959, binti wa mwanasoka wa klabu za huko kwao. Alishika raketi ya tenisi akiwa mdogo, na kwa kipimo cha nyumbani alikuwa hodari kweli kweli, kwani alitwaa mataji 64 katika mashindano ya Uskoti. Lakini Uskoti ni nchi ndogo, na bingwa wa kijijini akiingia mjini hugundua kwamba kila mtaa una bingwa wake. Mwaka wa 1976, akiwa hajatimiza miaka 18, alijaribu kuingia katika mashindano ya kulipwa. Safari hiyo haikufika mbali. Upweke ulimlemea, na jijini Barcelona, Uhispania, akiwa ndani ya basi, aliibiwa na mchopozi. Baba yake akamtaka arejee nyumbani. Akarejea, akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, na jina lake halikupata kuingia katika orodha ya wakuu wa mchezo huo.

Hapo ndipo simulizi za wachezaji wengi wa kadiri hukomea. Raketi huwekwa juu ya kabati, vikombe hupata vumbi, na mwenyewe hubaki kuwasimulia wageni jinsi ambavyo angaliweza kufika mbali lau kama bahati ingalimsimamia. Bi. Murray hakuyachagua maisha hayo. Alipoolewa na kupata watoto wawili wa kiume, Jamie mwaka wa 1986 na Andy mwaka wa 1987, alianza kufunza tenisi kwa kujitolea katika klabu ya mji mdogo wa Dunblane. Hakuwa na vifaa vya fahari. Alitumia puto na vitu vya kawaida vya nyumbani, akabuni michezo ambayo ilimfunza mtoto kuulenga mpira, kuukadiria na kuyahamisha maungo yake upesi, huku mtoto mwenyewe akidhani kuwa anacheza tu. Kila mwalimu wa chekechea anaijua siri hiyo. Mtoto hufunzika vyema zaidi asipojua kwamba anafunzwa.

Mwaka wa 1995 aliteuliwa kuwa kocha wa taifa wa Uskoti. Katika mwaka uo huo alikuwa mwanamke wa kwanza kufuzu shahada ya ngazi ya juu ya ukufunzi inayotolewa na chama cha tenisi cha Uingereza. Msomaji na alitie maanani jambo hilo. Hakusema, 'Nina mataji 64, basi natosha.' Alikaa darasani akasomea kazi ya kufunza kama mtu asomeavyo uuguzi au uhasibu. Nayo nchi aliyokabidhiwa haikuwa nchi ya tenisi. Uskoti ni nchi ya mvua na baridi, ambako viwanja vya ndani vya tenisi vilikuwa haba mno, na ambako kandanda na gofu ndiyo michezo iliyokuwa na watu na fedha. Mtu mwenye visingizio angalivipata tele.

Mwaka uliofuata ulileta jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulisoma bila moyo wake kusita. Mnamo tarehe 13 Machi 1996, mtu mwenye bunduki aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi ya Dunblane, akawaua watoto 16 pamoja na mwalimu wao. Jamie na Andy walikuwa wanafunzi wa shule hiyo, na siku hiyo walikuwapo shuleni. Mama yao alikuwa miongoni mwa wazazi waliokimbilia huko bila kujua kama wangewakuta watoto wao hai. Siyaandiki haya ili kutafuta machozi ya mtu. Nayaandika kwa sababu Andy mwenyewe alikuja kueleza, katika filamu iliyotolewa mwaka wa 2019 kuhusu maisha yake, kwamba tenisi ilikuwa kimbilio lake kutokana na yale aliyoyabeba moyoni tangu utotoni. Uwanja wa michezo si mahali pa kutafutia vikombe pekee. Kwa mtoto aliyejeruhiwa moyo, uwanja wenye mtu mzima mvumilivu ndani yake ni dawa ambayo haiuzwi katika duka lolote.

Mpango wa kulea chipukizi ulioanzishwa na Bi. Murray ulitoa wachezaji wanne walioichezea Uingereza katika Kombe la Davis, na mmoja aliyeichezea katika kombe la mataifa la wanawake. Wanaume hao ni wanawe wawili, pamoja na Colin Fleming na Jamie Baker. Mwanamke huyo ni Elena Baltacha. Yaliyotokea baadaye yanajulikana na wapenzi wa michezo kote duniani. Mwaka wa 2013 Andy alishinda Wimbledon, na kuwa Mwingereza wa kwanza kushinda taji la wanaume mmoja mmoja hapo baada ya miaka 77. Mwaka wa 2016 Jamie alishika nafasi ya kwanza duniani katika mchezo wa wawili wawili, na kabla ya mwaka huo kwisha, Andy naye akashika nafasi ya kwanza katika mchezo wa mmoja mmoja. Ndugu wawili kutoka mji mmoja mdogo, waliofunzwa na mama mmoja ambaye mwenyewe alishindwa kusimama katika mashindano ya kulipwa!

Kuna wasomaji watakaosema kwamba huyo ni mama aliyewapenda wanawe, na mapenzi ya mama hayana shule. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Fleming na Baker hakuwazaa yeye, na Fleming alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka wa 2010. Baltacha hakumzaa yeye, bali alikuwa mzaliwa wa Kiev aliyeletwa Uingereza na wazazi wake angali mtoto. Binti huyo alipanda hadi nafasi ya 49 duniani mwaka wa 2010, kisha akaanzisha shule yake ya tenisi mjini Ipswich, akiwafikiria hasa watoto wa jamii zisizojiweza. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani mwaka wa 2014, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Aliyefunzwa naye akafunza. Hiki ndicho kipimo cha ukufunzi ambacho hakiandikwi katika majedwali ya matokeo.

Wengine watasema kwamba mabingwa nao ni wakufunzi wazuri. Ni kweli, na safu hii haiwanyimi haki yao. Ivan Lendl, aliyeshinda mataji manane makuu katika mchezo wa mmoja mmoja, ndiye aliyekuwa kocha wa Andy aliposhinda Wimbledon mwaka wa 2013. Amélie Mauresmo, aliyepata kuwa nambari moja duniani kwa wanawake, naye alimfunza. Lakini na tuulize: Lendl alimkuta Andy wapi? Alimkuta akiwa tayari miongoni mwa wanne bora wa ulimwengu. Mti ulikuwa umekwisha kukua, na kilichobaki ni mtu wa kuupogoa ili uzae. Nani aliyeichimba ardhi? Nani aliyeumwagilia maji mche wakati ambapo hakuna mpiga picha aliyejali kuupiga picha? Ni yule ambaye hakuwa bingwa.

Ni nini, basi, kilichomwezesha mchezaji wa kadiri kuwa mkufunzi wa kupigiwa mfano? Naona mambo matatu.

Kwanza, alijua ladha ya kushindwa. Bingwa aliyezaliwa na kipaji kikubwa aghalabu hawezi kueleza anachokifanya, kwani mkono wake ulijua kabla akili yake haijauliza. Aliyelazimika kujifunza kila pigo kwa jasho anajua pale ambapo mwanafunzi hujikwaa, maana naye alijikwaa papo hapo. Walimu wa hisabati wanalijua hili. Mara nyingi anayefunza somo hilo vyema zaidi si yule aliyelielewa siku moja, bali ni yule aliyelilia usiku kucha hadi likamfungukia.

Pili, aliisomea kazi yake. Kushindwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwalimu, la sivyo dunia ingejaa walimu. Alichukua aliyoyapitia, akayatia katika mizani ya elimu, akatoka na njia ambayo mtu mwingine angeweza kuifuata.

Tatu, alijua wakati wa kuwakabidhi wengine. Hili ndilo gumu kuliko yote. Andy alipokuwa akikaribia ujana, mama huyo alimkabidhi kwa kijana mmoja wa Glasgow aitwaye Leon Smith, ambaye naye hakuwa na sifa kubwa ya uchezaji. Mwaka wa 2002, Andy akiwa na miaka 15, alimwachilia kwenda katika chuo cha tenisi jijini Barcelona, mji ule ule ambako ndoto yake mwenyewe ilikatikia miaka 26 kabla ya hapo. Mwenye roho ndogo angaliuogopa mji huo, au angaliutaka mwanawe autumie kulipiza kisasi chake. Yeye aliona tu kwamba mtoto alihitaji wapinzani na viwanja ambavyo Uskoti haikuwa navyo, akamfungulia mlango.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Jamie alipelekwa katika kituo cha mafunzo kusini mwa Uingereza akiwa na miaka 12, akarudi nyumbani baada ya miezi michache mchezo wake ukiwa umeharibika na moyo wake umevunjika, akaiacha raketi kwa muda. Mama amekiri hadharani kuwa anajutia uamuzi ule. Tunalitaja hili kwa sababu walimu wengi huogopa kukiri kosa mbele ya wanafunzi, wakidhani heshima yao itapungua. Jamie alirudi uwanjani, na tumekwisha kuona alikofika.

Huyo Leon Smith naye ana funzo lake. Mwaka wa 2010 timu ya Uingereza ya Kombe la Davis ilishindwa na Lithuania, nchi ambayo haikuwa na jina lolote katika tenisi, na aibu ikawa kubwa. Smith alipoteuliwa kuwa nahodha wa timu hiyo, swali letu lile liliulizwa huko pia: alichezea wapi, na alishinda nini? Alijibu kwa kazi. Mnamo Novemba 2015, mjini Ghent nchini Ubelgiji, Uingereza ilitwaa Kombe la Davis kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1936.

Sasa natugeuze macho nyumbani. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka wa 2012, tarehe 5 Agosti, Andy Murray alimshinda Roger Federer na kupata dhahabu. Siku nne baadaye, katika jiji lilo hilo, David Rudisha wetu alikimbia mita 800 kwa muda wa dakika moja na sekunde 40.91, akapata dhahabu na kuvunja rekodi ya dunia. Mmoja alilelewa kimchezo na mama aliyeshindwa katika mashindano ya kulipwa mwaka wa 1976. Mwingine alilelewa na Bruda Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Ayalandi, aliyefika katika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka uo huo wa 1976, bila sifa yoyote ya kuwa mwanariadha wala mkufunzi wa riadha. Kabla ya Rudisha, shule hiyo ilikuwa imekwisha kumtoa Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mjini Seoul mwaka wa 1988. Iten haikumuuliza Bruda Colm alikimbia wapi. Lau ingalimuuliza na kumfukuza kwa kukosa jibu, tungalikuwa maskini zaidi leo.

Katika tenisi yenyewe hatuko mikono mitupu. Paul Wekesa aliwahi kufika nafasi ya 100 duniani mwaka wa 1995. Mnamo Julai 2022, Angella Okutoyi, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alishinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon, na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano hayo makuu manne. Hesabu miaka iliyopita kati ya majina hayo mawili. Ni miaka 27. Je, katika muda wote huo hapakuzaliwa mtoto wa Kenya mwenye mkono mzuri wa raketi? Walizaliwa wengi. Wasichozaliwa nacho ni mtu wa kuwaona, kuwapa raketi ya kuazima na kukaa nao jioni baada ya jioni.

Mtu huyo, katika nchi kama yetu, atakuwa ni mwalimu. Hatuna klabu katika kila tarafa, lakini tuna shule. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na sayansi ya spoti kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Ni hatua njema, lakini njia isiyo na kiongozi huishia porini. Nani atakayewafunza vijana watakaoifuata? Tukiwangoja mabingwa wastaafu, tutangoja sana, kwani mabingwa ni wachache na shule ni maelfu.

Kwa hiyo safu hii ina maombi yake. Kipindi cha michezo kisiibwe. Kila mwalimu anajua jinsi kinavyogeuzwa kimya kimya kuwa kipindi cha marudio, hasa muhula wa mitihani unapokaribia. Mwalimu anayejitolea uwanjani jioni apewe nafasi ya kusomea ukufunzi, agharamiwe masomo hayo, na cheti atakachokipata kihesabiwe anapopandishwa cheo. Walimu wa kike wasiachwe pembeni. Bi. Murray mwenyewe, baada ya kuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza tangu mwisho wa mwaka wa 2011 hadi 2016, alijitolea kuwaandaa wakufunzi wa kike, kwa kuwa aliona jinsi msichana anavyovutika zaidi kuingia uwanjani anapomkuta mwanamke mwenzake. Hatimaye, mwanariadha anapovishwa medali na kualikwa katika ikulu, atafutwe mwalimu aliyemwona kwanza, aketi naye katika safu ya mbele.

Neno la mwisho ni lako wewe mwanafunzi. Pengine jina lako halikusomwa timu ya shule ilipotangazwa. Pengine ulisomwa, ukaenda hadi kaunti, ukashindwa katika raundi ya kwanza, na ukarudi ndani ya basi ukiwa umeuinamisha uso. Usiitupe raketi, wala usivitupe viatu. Hujui bado umeumbiwa kazi gani. Mwaka wa 1976 msichana mmoja alirudi nyumbani kutoka Barcelona akiwa ameibiwa na ameshindwa, na hakuna aliyekwenda kumlaki kwa ngoma. Kile alichojifunza katika safari ile mbaya kilikuja kuwafaa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa.

Nawe mwalimu, jioni ya leo, kabla ya kwenda zako nyumbani, pitia uwanjani. Huenda yumo mtoto anayepiga mpira ukutani peke yake.